Jiwe Juu ya Daftari

Sipendi kuulizwa habari hii. Kila mwaka ikifika Septemba, wanawake wa Mabatini wenye watoto wa kidato cha nne wananijia na kilo ya sukari mkononi, wanakaa kwenye mkeka wangu, wananiuliza hali mpaka hali yenyewe inachoka, halafu wanasogea karibu: "Bibi, hebu tuambie ilivyokuwa kwa Bimdogo." Wengine wanauliza kwa woga. Wengine, nawaona macho, wanauliza kwa sababu wanataka kujua alifanyaje. Basi nimeamua kuandika, kwa mwandiko wangu huu wa darasa la tatu, anayetaka asome na mimi aniache nipumzike. Na nyie mnaotafuta namna ya kufanya, someni mpaka mwisho. Msiishie pale katikati panapopendeza.

Lilianza jiwe.

Niliingia chumbani kwa mjukuu wangu Maulida asubuhi moja akiwa shuleni, natafuta ufagio wangu. Mezani kulikuwa na daftari limefungwa, na juu ya daftari jiwe, ukubwa wa ngumi, laini, rangi ya majivu, kama yale ya ufukweni. Nikaligusa. Lilikuwa limelowa. Nikaliinua. Daftari chini yake lilikuwa kavu kabisa.

Aliporudi nikamuuliza.

"Maulida, hili jiwe la nini?"

"La kuzuia karatasi, Bibi. Zisipeperushwe."

"Upepo wa wapi? Dirisha lenyewe limezibwa na kabati tangu babu yako yu hai."

Akaangalia kabati, akaangalia jiwe, uso umemkunjamana kama mtu aliyeamshwa ghafla. "Kweli," akasema. "Sijui, Bibi."

Nikalitupa jalalani kwa mkono wangu. Kesho yake lilikuwa mezani, limelowa, juu ya daftari jingine.

Sasa mjue nyumba yenyewe. Bimdogo ni mwanangu wa kumzaa, fundi cherehani. Mumewe alikwenda Geita machimboni akaoa hukohuko, na sitapoteza wino kwa ajili yake. Bimdogo alipomaliza kidato cha nne alipata divisheni ziro, na watu wa mtaa huu hawana haya, mpaka leo wapo wanaomwita Mama Ziro. Anacheka nao. Lakini mimi nimemzaa, kicheko chake cha kweli nakijua. Maulida ni mwanawe wa pekee. Mtoto mwenye adabu, mcheshi, mkono mwepesi jikoni, na kichwani mzito. Mtihani wa majaribio wa mwezi wa nane ulipotoka, akarudi na ziro yake kwenye bahasha. Bimdogo aliisoma, akaikunja, akaiweka chini ya mguu wa cherehani uliokuwa unayumba, akaendelea kushona.

Jumapili akaenda Igoma kwa Mwalimu Jovitha. Huyu ni Mhaya, mjane, mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa kanisani. Alikuwa na binti mmoja, Kokulinda, na Bimdogo ndiye aliyemshonea sare tangu anaanza sekondari. Binti huyo alikuwa anaongoza darasa kila muhula. Miaka miwili nyuma, zimebaki wiki tatu afanye mtihani wa taifa, alikwenda kusoma juu ya mawe ya ziwani kule Igombe, kama wanafunzi wanavyofanya wakitafuta utulivu. Hakurudi. Walimkuta kwenye maji, kati ya mawe. Madaftari yake waliyakuta juu ya mwamba, makavu, kayawekea jiwe.

Nilikuwepo msibani, niliyasikia hayo kwa masikio yangu. Na bado nilipoliona jiwe mezani kwa Maulida sikukumbuka. Uzee haunisaidii.

Bimdogo aliyaomba madaftari hayo. Yalikuwa saba, masomo saba, yameandikwa kwa kalamu ya wino wa kujaza, bluu, ambayo babu wa yule binti alikuwa anaandikia mahubiri yake ya ukatekista. Jovitha alikaa nayo mapajani muda mrefu kabla ya kuyatoa.

"Asome," akasema. "Asikunje kurasa. Mtihani ukiisha uniletee. Picha zake ninazo, nguo ninazo. Lakini mkono wake, mama Maulida, uko humu tu."

Bimdogo akaapa.

Maulida aliyasoma wiki mbili. Alikuwa analala juu yake na kuamka na wino shavuni. Hakuna kilichoingia. Bimdogo akaniambia anampeleka kwa Shehe Khalidi akamwandikie kombe, na mimi nikasema vyema. Mnajua kombe: aya zinaandikwa kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, zinaoshwa kwa marashi ya waridi, mgonjwa anakunywa. Shehe akaandika, mtoto akanywa, na shehe akamwambia Bimdogo wazi kabisa, "Hii ni dua. Kusoma asome mwenyewe." Bimdogo akaitikia ndiyo shehe, huku macho yake yako kwenye ile sahani, anatazama maandishi yanavyoyeyuka na kuwa maji.

Siku kumi baadaye Maulida alianza kujua.

Sisemi alianza kusoma. Alianza kujua. Walimu walimpa mtihani wa zamani wa kemia akaumaliza nusu saa kabla ya wenzake. Wakampa fizikia, vilevile. Bimdogo akawa anaimba akishona. Mtaani wakaanza kumsalimia kwa jina lake. Na mimi, kikongwe nisiyejua hata kemia ni ya kula au ya kupaka, nilikuwa naona mambo mengine.

Siku moja tunakula ugali, Maulida akapeleka mkono wa kushoto kwenye sahani. Nikampiga kofi la mkono. Akanitazama kwa upole, kama mgeni aliyekosewa adabu na wenyeji, akasema, "Samahani, bibi yake." Bibi yake! Mimi? Siku nyingine akaniuliza kama sokoni kuna senene, wale panzi wanaowapenda Wahaya. Mtoto huyu alikuwa akiona panzi ukutani anapanda juu ya kiti. Nikamnunulia kwa makusudi, nione. Alikaa kizingitini akala mfuko mzima, anavunja moja moja kwa meno ya mbele, amefumba macho, na alipomaliza akajigusa paji la uso, kifua, bega na bega.

Na chumba chake kikaanza kunuka. Kilinuka maji ya ziwa yaliyolala kwenye karatasi, kama gazeti lililofungiwa samaki. Ukifua mashuka, yananuka. Ukichoma ubani, moshi unazunguka mlangoni hauingii.

Kubwa zaidi lilitokea mchana kweupe, baada ya swala ya adhuhuri. Nilikuwa uani, Maulida amekaa mbele yangu tunachambua mchele, magoti yetu yanakaribia kugusana, na kutoka chumbani kwake nikasikia karatasi zikifunuliwa, moja, nyingine, halafu kalamu ikikwaruza, halafu sauti ya msichana ikisoma polepole kwa lafudhi ya Kihaya, inataja madini na chumvi na moto, inakosea, inarudia, na Maulida mbele yangu ameinamisha kichwa, vidole vyake vinaendelea kuokota mawe kwenye mchele, lakini midomo yake inachezacheza sawasawa na ile sauti, neno kwa neno, na kwenye pembe za midomo kuna rangi ya bluu ambayo siku zote nilidhani ni peni anazotafuna.

Nikataka kuinuka. Akanishika kanga.

"Bibi, usimkatize," akanong'ona. Hapo alikuwa Maulida wangu, nilimjua kwa jicho. "Akikatizwa anaanza upya."

"Nani huyo?"

"Simjui. Akisoma yeye, mimi napelekwa."

"Unapelekwa wapi, mwanangu?"

"Chini ya maji. Kuna mawe makubwa. Naona jua kwa juu, dogo, linacheza. Nawasikia mnaniita lakini siwezi kupanda. Mwanzoni alikuwa ananirudisha haraka. Siku hizi anasoma sana."

Niliuacha mchele. Hapo ndipo nilipoyakumbuka madaftari ya Kokulinda. Nilikwenda kwenye cherehani ya Bimdogo, nikafungua kabati lake la vitambaa na kuvuta kila kitu chini mpaka nikayakuta. Madaftari saba. Yamevimba, kurasa zimejikunja kama kabeji iliyopikwa, na zote nyeupe. Hata herufi moja.

"Umefanya nini, Bimdogo?"

"Mama, shusha sauti."

"Nakuuliza umefanya nini."

Akakaa chini kwenye vipande vya vitambaa. "Nimeyaosha. Ukurasa kwa ukurasa, kwenye karai, na marashi. Kila magharibi nimempa kikombe. Siku saba, masomo saba." Halafu, mwanangu huyo, akanyanyua kidevu. "Neno la Mungu linaoshwa linanywewa linatibu, Mama. Itakuwa biolojia? Si maandishi tu?"

"Maandishi ya maiti!"

"Maandishi ya msichana aliyekuwa anaongoza darasa."

Nitasema jambo ambalo sitalirudia kwa mdomo. Kwa muda mfupi, pale nimesimama, niliona lina akili. Ndiyo maana nawaogopa nyie mnaokuja na sukari.

Shehe Khalidi alikuja siku ileile alasiri. Alimkalisha Maulida kwenye mkeka, mimi na Bimdogo tumekaa ukutani, akaanza kusoma. Hakufika mbali. Maulida alinyoosha mgongo, akafunga mikono juu ya mapaja kama yuko darasani.

"Shikamoo, shehe," ikasema ile sauti.

Shehe hakuitikia. "Wewe nani?"

"Mwanafunzi."

"Jina lako?"

"Jina lilikuwa la mwenzangu. Mimi nilikuwa naye tu, tangu amezaliwa. Tumesoma wote miaka kumi na moja, yeye kwa macho yake, mimi begani kwake. Siku ile yeye akateleza. Mimi sikuteleza. Nimekaa pale juu ya jiwe miaka miwili nangoja tuitwe mtihani."

"Mtoke mtoto huyu."

"Sikuvunja mlango, shehe. Nimekaribishwa. Siku saba, kikombe kwa kikombe." Akageuka akamtazama Bimdogo, akatabasamu kwa adabu. "Muulize mama fundi."

Shehe aliendelea kusoma mpaka jasho likadondoka kwenye ndevu, na chumba kikazidi kunuka ziwa, na kutoka chini ya kitanda maji yakaanza kutambaa sakafuni, membamba, ya bluu, yakafika kwenye mkeka, yakazunguka miguu yake bila kuilowesha, na muda wote ule mtoto amekaa wima anamsikiliza, kama mwanafunzi anayemsubiri mwalimu amalize somo asilolihitaji.

Shehe akatoka nje, akaosha uso, akatuita.

"Wafu hawarudi, nisikilizeni," akasema kwa sauti ya chini. "Yule binti kaenda kwa Mola wake. Huyu ni karini, jini anayezaliwa pamoja na mtu na kufuatana naye. Mwenzake kafa ghafla, yeye kabaki hana nyumba, na amebaki na jambo moja analolitaka. Nyie mmemtengenezea njia ya kuingilia kwa mwandiko wa mwenzake, na mwandiko umo tumboni, siwezi kuutoa. Lakini ipo namna. Asifanye huo mtihani. Mfungieni ndani siku zote za mtihani, nami nitakuja kusoma asubuhi na jioni. Likimpita lile lililomleta, hana cha kungoja, ataondoka. Mtoto mtampata."

"Na akifanya?" nikauliza.

"Akifanya, atakuwa amemaliza shule. Na aliyemaliza shule anaenda nyumbani. Sijui ataenda na miguu ya nani."

Tukamgeukia Bimdogo. Zilikuwa zimebaki siku kumi na mbili.

"Yaani asifanye kabisa?" akasema. "Shehe, mtoto wa watu amesoma miaka minne."

"Atafanya mwakani, akiwa yeye mwenyewe."

"Akiwa yeye mwenyewe atapata ziro!"

Lilimtoka hivyohivyo, kwa sauti, na mlango uko wazi. Ndani ile sauti ilikuwa inasoma, ikanyamaza. Halafu nikasikia nyingine ndogo, ya Maulida wangu, ikiita, "Mama?"

Bimdogo alifuta macho kwa kanga. "Baada ya mtihani, shehe. Nakuomba. Ni wiki chache tu. Baada ya mtihani ufanye lolote utakalo."

Shehe alivaa viatu vyake, akaondoka bila kuaga.

Mimi nilijaribu. Asubuhi ya karatasi ya kwanza nilifunga mlango kwa kufuli, nikakalia ufunguo. Bimdogo alinisukuma, mama yake mzazi, nikaanguka, akauchukua. Maulida alitoka amevaa sare, kalamu iko mkono wa kushoto. Alipofika kwangu akapunguza mwendo na kuniinamia kama anataka kuniinua, na kwa kufumba na kufumbua macho yakawa yake.

"Bibi, nishike mkono. Nishike sana."

Nikaushika. Ulikuwa wa baridi na unateleza kama jiwe lenye majani ya maji. Nilishika kwa nguvu zangu zote, nawaambieni, na ulinitoka hivihivi vidoleni.

Hiyo ndiyo mara ya mwisho kusikia sauti yake.

Mitihani iliisha. Jini alifanya yote, hakukosa hata karatasi moja, na siku ya mwisho alikuja akalala siku mbili. Baada ya hapo nyumba ikatulia. Harufu ikapungua. Alikuwa anafagia, anaosha vyombo, anatusalimia vizuri asubuhi na jioni, na anakaa kizingitini amefungasha nguo zake kwenye mfuko, kama mtu anayesubiri kupelekwa stendi. Bimdogo akawa ananiambia, "Si unaona, Mama? Ametulia." Alimletea shehe mara tatu. Mara ya tatu shehe alimtazama yule mtoto kwenye mboni, akamtikisa, akamwita kwa jina la Maulida sikioni, kulia na kushoto, halafu akafunga kitabu chake.

"Humu sasa yuko mmoja tu," akasema. "Na siye wa kwenu."

Januari matokeo yakatoka. Bimdogo aliyatafuta kwenye simu. Divisheni wani. Pointi saba. Alipiga kigelegele kilichofika mpaka barabarani, watu wakaja, mwanamke mmoja aliyekuwa wa kwanza kumwita Mama Ziro akaja na soda kreti nzima. Bimdogo akamkimbilia binti akampa simu aone.

Akaitazama. "Maksi ni zangu," akasema. "Jina si langu." Akainuka, akachukua mfuko wake. "Ahsanteni kwa malazi. Sasa nipelekeni kwa mama."

Tulikwenda sisi watatu, Igoma, Bimdogo amebeba madaftari saba kwenye kitambaa. Njiani alilia akamwambia, mimi ndiye mama yako, mimi ndiye mama yako, na yule mtoto akampapasa mgongo, kama unavyompapasa mtu uliyemkuta ana msiba.

Hakuuliza njia. Alikwenda moja kwa moja mpaka mlango wa nyuma, akaingiza mkono chini ya ndoo iliyovunjika, akatoa ufunguo. Jovitha alikuwa jikoni anamenya ndizi. Kisu kilimdondoka. Msichana akamwamkia kwa Kihaya, akapiga goti, akakiokota, akakaa kwenye kigoda, akaendelea kumenya kwa mkono wa kushoto.

Mimi ndiye niliyesema yote. Nilisema karai, nilisema vikombe, nilisema shehe. Jovitha alisikiliza amejishika ukuta.

"Mwalimu," nikamalizia, "mzigo huu si wenu. Huyu siye Kokulinda."

"Najua, mama. Kokulinda nimemzika mwenyewe."

"Basi twende naye."

Alimtazama yule aliyekaa kwenye kigoda. Msichana alikuwa anaimba kidogokidogo puani, wimbo wa kanisani.

"Aende wapi?" akasema Jovitha. "Mwacheni amalize ndizi."

Bimdogo akaanguka miguuni kwake, akamsukumia yale madaftari. Jovitha aliyafunua moja baada ya jingine, kurasa zote tupu, akayarudisha kwenye kitambaa, akakifunga fundo.

"Haya ni yako, mama Maulida. Mkono wa mwanangu niliokuazima, umeurudisha."

Alifunga mlango polepole, bila ubaya wowote.

Shehe hajapata njia nyingine. Alhamisi Bimdogo huenda Igombe, anakaa juu ya mawe, anaita jina la mtoto wake kuelekea majini mpaka sauti inakauka. Hajajibiwa. Madaftari yako mezani chumbani kwa Maulida, na juu yake jiwe, alilolileta Bimdogo mwenyewe. Hilo ni kavu.

Na mwaka uleule, mwezi wa sita, Jovitha alikuja Mabatini na binti, kushonewa sare za kidato cha tano. Bimdogo alitoa futi yake. Alimpima mabega, kiuno, urefu wa sketi, kovu la Maulida la kushonwa utotoni liko palepale kwenye goti, na akaandika vipimo kwenye daftari la wateja. Hivyo ndivyo anavyolipa mpaka leo. Kila muhula mtoto aliyemzaa anasimama mbele ya cherehani, mikono ameinyoosha, anasema, "Shikamoo, mama fundi," naye sharti aitikie marahaba, kama anavyomwitikia mtoto wa mtu.